Namba za Siku Nne

Evodia aliziandika Jumapili alasiri, kitenge cha kanisani kikiwa bado kiunoni. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya jiko la Mzee Idrissa, akafungua daftari la bwawa juu ya goti, akaandika namba za Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi kabla siku zenyewe hazijafika. Saba nukta sita. Saba nukta sita. Hapo kalamu ikasita. Aliona zikifanana zote mtu atashtuka, basi Jumatano akaipa saba nukta nane, na Alhamisi akairudisha kwenye saba nukta sita. Akafunga daftari, akalirudisha mahali pake kwenye kibanda cha pampu, akaenda kupepeta uwele.

Baadaye, mambo yalipokuwa yameharibika, kilichomchoma kuliko vyote ni ile saba nukta nane. Hizo nyingine angeweza kuziita haraka, au uchovu, au hata shauku ya kwenda kulisikiliza neno la Mungu. Lakini ile nane aliitia kwa akili, kama mpishi anayeonja mchuzi na kuongeza chumvi.

Bwawa lenyewe halikujengwa kwa anasa. Mzee Idrissa alikuwa mfanyabiashara wa asali pale Itigi, mtu wa miaka sabini kasoro, na mwaka juzi alianguka kutoka juu ya lori akisimamia upakiaji wa mapipa, nyonga ikavunjika. Hospitalini walimtengeneza, wakamwambia mguu utarudi ikiwa atatembea ndani ya maji kila asubuhi, maana maji humbeba mtu. Sasa Itigi ina mto gani wa kutembelea? Mwanawe aliyeko Dar es Salaam akatuma mafundi, wakachimba uani, wakasakafia, wakabandika vigae vya bluu. Watu wa ng'ambo ya reli walikuja kuchungulia, wakacheka kwamba Mzee amejipatia ziwa ambalo hata mbuzi hawezi kulinywa. Wacheke wasicheke, magongo mawili yakawa gongo moja, na gongo likawa fimbo.

Evodia alikuwa mjane wa Kinyangiri. Alifika Itigi na mumewe aliyefanya kazi relini, akamzika hapo, akabaki hapo. Tangu mke wa Mzee afariki, yeye ndiye aliyempikia na kumfulia. Alifika asubuhi mapema na kuondoka jioni kurudi chumbani kwake karibu na stesheni. Watu walimwita Mama Eliya, kwa jina la mwanawe. Shule yake ilikuwa darasa la saba, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Bwawa lilipokuja, kazi ya kulipima kila siku ikamwangukia, kwa kuwa fundi wa maji, Gasto, alikaa Manyoni na aliweza kufika Jumamosi tu.

Gasto alimfundisha kwa subira. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, mcheshi, mwenye pikipiki iliyofungwa madumu ya dawa pande zote mbili. Alimwonyesha kichupa chenye vyumba viwili. Unachota maji ya kina cha kiwiko, si ya juu; unatia matone matano ya dawa nyekundu, unatikisa, unalinganisha rangi na kadi. Njano ni uchachu. Wekundu wa nyanya ndio tunaoutaka. Zambarau, magadi yamezidi. Kila rangi ina namba yake, na namba huandikwa kwenye daftari kabla Mzee hajatia mguu majini.

Maji ya kisima cha pale ni magumu. Birika hufanya ukoko mweupe ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo bwawani nayo yalikuwa na tabia ya kupanda, kila siku kidogo, kuelekea zambarau, na yakipanda sana dawa ya kuua vijidudu inalala usingizi humo ndani. Ndipo hutiwa asidi kuyashusha. Yakishuka kupita kiasi, huuma macho na kula vyuma. Ndipo hutiwa unga mweupe wa dukani kuyapandisha.

"Unga huu ni ndugu yake magadi ya mlenda," Gasto alimwambia siku ya kwanza. "Mama, mlenda ukizidisha magadi, unalika?"

"Hauliki."

"Basi bwawa ni sufuria kubwa tu. Pima, tia, ngoja, pima tena. Asidi inaingia kwenye maji, kamwe maji yasiingie kwenye asidi. Na ukiwa na wasiwasi, usitie. Nipigie."

Tangu hapo akawa anamwita Daktari wa Maji. Evodia alijifanya hapendi, lakini alipenda. Katika maisha yake aliitwa mke wa fulani, mama wa fulani, mjane wa fulani. Hakuwahi kuitwa daktari wa kitu chochote.

Wiki ya zile namba, kanisani kulikuwa na semina ya akina mama, Jumatatu hadi Alhamisi, maombi yakianza saa kumi na mbili asubuhi. Kupima maji kulikuwa kazi ya dakika kumi. Evodia aliziona zile dakika kumi na akaziona ni nyingi, kwa kuwa aliyechelewa alikaa nyuma, na yeye alitaka benchi la mbele, karibu na mhubiri mgeni kutoka Kiomboi. Maji yalikuwa yamekaa vizuri wiki tatu mfululizo. Alijiambia yatakaa na ya nne. Akawa anampitishia Mzee chupa ya chai na viazi vitamu, kisha anakimbia. Alirudi saa nane kupika. Daftari lilikuwa limeshajaa, halikumdai kitu.

Jumatatu jioni ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu, na Jumanne ikarudia, mvua ya kupiga mabati hadi mhubiri akanyamaza kungoja ipite. Akina mama wakaimba kwa furaha. Evodia naye aliimba, wala hakukumbuka kwamba mvua ile ilikuwa inaingia bwawani.

Jumatano adhuhuri simu ikaita, yuko uani mwa kanisa na sahani ya wali mkononi.

"Daktari, shikamoo," Gasto alisema. "Leo maji yanasemaje?"

"Marahaba. Saba nukta nane."

Hakuhitaji kukumbuka. Ndiyo namba aliyoihangaikia.

Gasto akasema maji yameanza kupanda, atie lita moja na nusu ya asidi jioni, taratibu, akizunguka bwawa, na baada ya saa nzima apime tena. Evodia akaitikia. Jioni alivaa glavu, akasimama upande upepo unakotoka, akatia lita moja na nusu vile alivyoambiwa. Baada ya hapo kulikuwa na ugali wa kusonga, kisha giza likaanza kuingia na njia ya kuvuka reli ina matope. Saa nzima hakuingoja. Hakupima tena.

Ijumaa semina imekwisha, Mzee alitoka majini mapema kuliko kawaida. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba akijipangusa uso, macho mekundu kama ya mtu aliyelala kwenye moshi.

"Mama Eliya," alisema, "maji ya siku hizi mbili yana meno. Yananiuma mpaka kwenye kovu."

Hakusema kwa kulalamika, ndivyo alivyokuwa. Evodia alijibu kwamba ataangalia. Aliingia kibandani, akachota, akatia matone, akatikisa. Maji yakawa njano safi, kama mafuta ya alizeti. Kwenye kadi, njano ile ilikuwa chini kabisa, na hapo chini hapakuwa na namba nyingine.

Alisimama na kichupa mkononi. Alielewa mara moja. Mvua iliyapooza maji, hayakuwa yamepanda hata kidogo, na yeye kwa mdomo wake akamwambia Gasto yamepanda. Alimtia Mzee kwenye uchachu, mtu mwenye kovu, asubuhi mbili, huku yeye siku ya kwanza yuko benchi la mbele.

Alitafuta unga mweupe. Mfuko ulikuwa mtupu. Akashika simu. Gasto angeuliza: leo ngapi? Halafu angeuliza: na jana? Na juzi baada ya kutia? Evodia aliirudisha simu kifuani.

Jikoni kulikuwa na sado, ile ndoo ndogo ya kupimia nafaka, yenye magadi ya mlenda aliyotumiwa na dada yake kutoka Kinyangiri; magadi ya kijivu yanayokusanywa kiangazi, yana mchanga na nyasi kidogo, lakini makali. Ndugu yake, Gasto alisema. Bwawa ni sufuria kubwa. Saa sita bajaji ilimchukua Mzee kwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Evodia aliyatwanga yale magadi kwenye kinu, akayakoroga kwenye ndoo, na kwa kuwa hakujua kipimo, alikisia kwa macho kama anavyokisia mboga. Kiasi cha kidole kwa mlenda wa watu sita. Kwa bwawa, karibu yote. Akabakiza kiganja kimoja ndani ya sado. Akamwaga ndoo kwa mara moja, pale kwenye kina, Mzee asije akamkuta.

Wingu jeupe likachipuka pale pale. Lilienda likitanuka chini ya maji kama maziwa yanavyotanuka kwenye chai, taratibu, na Evodia akalitazama akidhani litakwisha. Maji magumu yakikutana na magadi mengi kwa pamoja hufanya hivyo, mtu yeyote wa kazi hiyo anajua, yeye hakujua. Mzee aliporudi, vigae vya bluu havikuonekana tena. Bwawa zima lilikuwa kama maji yaliyooshewa mchele.

"Ni nini hiki?" Mzee aliuliza.

"Sijui, Mzee. Labda asidi ya Jumatano."

Alisema labda. Alilitia lile neno kama alivyoitia ile nane.

Jumamosi Rukaiya alikuwepo. Ni binti wa Mzee, mwalimu huko Manyoni, mwanamke wa maneno machache na makali, aliyependa baba yake kupita kiasi. Alimkuta baba ana macho yamevimba na bwawa limekuwa uji, naye alikuwa ameshasimama uani mikono kiunoni kabla pikipiki ya Gasto haijazimwa.

Gasto aliinama, akapima. Zambarau. Akamwaga, akapima tena, kama asiyeamini vidole vyake. Akaomba daftari, akapitisha kidole kwenye mstari wa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kisha akamtazama Evodia.

"Mama, kuna kitu kingine umetia?"

"Nilitia ulichoniambia."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana lilikuwa baya kuliko uongo. Evodia alingoja Gasto abishe. Alitamani abishe, ili naye akasirike, apate mahali pa kusimama. Gasto hakubisha. Alimgeukia Rukaiya akasema, "Mama Eliya ndiye anayepima. Akiandika saba nukta nane, ilikuwa saba nukta nane. Basi itakuwa mimi. Labda lile dumu la asidi halikuwa zuri, au nilikosea hesabu."

Rukaiya alimwambia mengi. Kwamba baba yake si panya wa kufanyiwa majaribio. Kwamba fundi asiyejua ametia nini ni mchawi tu mwenye pikipiki. Kwamba asirudi. Gasto alisikiliza mikono nyuma, mbele ya mwanamke anayelingana naye umri, akafunga madumu yake. Langoni alimwambia Evodia, "Daktari, baki salama." Hata siku hiyo alimwita hivyo.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya meza ya Bwana. Akina mama wa semina walivaa kitenge cha sare na kupangwa safu ya kwanza. Safu yao iliposimama kwenda mbele, Evodia alibaki ameketi. Dorkas, mwenyekiti wao, alimgusa bega akidhani amesinzia. Evodia akatikisa kichwa. Wenzake wakampitia magotini mmoja mmoja, na kila aliyempita alimtazama, maana mjane wa mwenendo wake kubaki kitini ilikuwa habari. Alikuwa anajua andiko lenyewe, kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, uende kwanza. Ila Gasto hakuwa na neno juu yake. Gasto alimwamini. Kuhusu ndugu anayekuamini kwa sababu umemdanganya, Evodia hakujua andiko linasema nini, na aliogopa kumuuliza mtu.

Wiki mbili bwawa lilibaki jeupe. Mzee hakuweza kuingia. Hata angetaka, ngazi za chini hazikuonekana, na mtu wa nyonga ile hakanyagi asichokiona. Alitembea uani kwa fimbo, siku ya nne akadai gongo, siku ya tisa magongo mawili yakatolewa nyuma ya kabati. Evodia ndiye aliyeyapangusa vumbi. Usiku wake haukuwa na maombi marefu tena. Akipiga magoti, maneno yalikuja yale yale, nilitia ulichoniambia, nilitia ulichoniambia, akawa anainuka.

Jumamosi ya tatu Rukaiya alileta fundi mwingine kutoka Dodoma, Sixbert, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Alizunguka bwawa, akateremsha bomba refu hadi chini, akavuta tope kwenye beseni. Akalipaka kidoleni, akalisugua. Evodia alikuwa anapanga vikombe vya chai kwenye meza ya kibarazani, na mikono ilifanya kazi yenyewe.

Sixbert akasema maji yatapona. Atatia shabu, uchafu utazama, atauvuta, siku tatu nne kazi imekwisha. Kisha akacheka kidogo. "Lakini huyu fundi wenu, kwa kweli. Hapa kuna mchanga. Kuna nyasi. Aliwaokotea takataka huko njiani akawatilia, akala hela yenu."

"Nilijua," Rukaiya alisema. "Nimeshawaambia na wale wa nyumba ya wageni pale Manyoni, alikokuwa anatunza bwawa, wasidanganywe kama sisi. Wamemwondoa juzi."

Mzee alikuwa anakunjua na kukunja mguu wake kwenye kiti, polepole, kama mlango uliokauka.

Basi ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyeuliza neno zaidi, hakuna aliyemtazama Evodia. Tope litavutwa, litamwagwa nyuma ya ukuta, na kesi itakwenda nalo. Alimimina chai kikombe cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu akaweka birika chini. Akaingia jikoni. Walimsikia akisogeza vyombo. Alipotoka alikuwa ameshika sado, akaiweka mezani katikati ya vikombe, kando ya beseni la tope. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na kiganja cha magadi ya kijivu, na ndani yake mchanga, na nyasi.

"Ni haya," alisema. "Gasto hakutia. Nilitia mimi, wewe ukiwa umekwenda msikitini, Mzee."

Sixbert akachungulia, akatia kidole, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa kukubali. Rukaiya alifungua mdomo. Baba yake akainua mkono, naye akaufunga.

"Kwa nini ulitia?" Mzee aliuliza.

"Maji yalikuwa na uchachu."

"Uchachu ulitoka wapi, na daftari linasema saba nukta nane?"

Hapo ndipo palikuwa penyewe. Magadi mtu angeyaita ujinga, na ujinga wa mwanamke wa darasa la saba husamehewa kirahisi. Evodia aliona ule mlango uko wazi, na aliona Mzee amemwachia makusudi aone kama atapita.

"Daftari niliandika Jumapili," alisema. "Siku zote nne. Sikupima hata moja. Na hiyo nane niliiweka ili zisifanane."

Treni ya mizigo ilikuwa inapita, na wote wakangoja ipite, kama watu wa Itigi wanavyongoja. Mabehewa yalikuwa mengi.

"Miaka thelathini nanunua asali za watu," Mzee alisema kelele zilipokwisha. "Wapo walioniletea asali ya sukari. Sikumgombeza hata mmoja. Naonja, nafunga pipa, namwambia aende salama. Sinunui kwake tena." Akaisogeza sado karibu naye. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia mwenyewe kabla sijaonja. Kwa hiyo sijui huyo nimfanyeje. Mpigie Gasto. Hapa hapa, nisikie."

Evodia alipiga. Simu iliita muda mrefu, na nyuma ya sauti ya Gasto kulikuwa na honi na watu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba." Hakuwahi kumwita hivyo. Akamwambia yote, kuanzia Jumapili, bila kuruka benchi la mbele. Alipofika kwenye sado, Gasto alikuwa amezima pikipiki. Honi zilisikika kwa mbali.



"Mimi nilidhani kazi imenitoka kichwani," Gasto alisema. "Nimerudia ile hesabu, mama, sijui mara ngapi. Lita moja na nusu, maji kiasi kile. Naiona iko sawa, lakini bwawa linasema haiko sawa. Nikamwambia mke wangu basi, mimi nimesahau kazi, kabla sijamwua mtu niache. Yale madumu nimegawa. Sasa hivi napakia abiria."

"Nisamehe."

"Nimesikia, mama."

Kusikia na kusamehe ni vitu viwili, na Evodia hakumlazimisha avifanye kuwa kimoja. Mzee aliomba simu, akaongea naye mwenyewe, akamtaka radhi kwa niaba ya nyumba yake, akamsihi arudi. Rukaiya alikuwa ameketi, kikombe kimepoa mkononi. Mpaka leo, akija wikiendi, humwamkia kwa heshima zote na kisha huonja chumvi ya mboga kabla baba yake hajala.

Jumanne Evodia alipanda basi la asubuhi kwenda Manyoni, kwenye ile nyumba ya wageni. Meneja, mama mmoja aitwaye Rahel, alimpokea kwa kiti na maji ya kunywa. Evodia akasimulia tena. Mara ya pili haikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Rahel alisikiliza hadi mwisho, akasema amefurahi kwamba amekuja, wengi wasingekuja. Lakini wameshaandikiana mkataba wa mwaka mzima na mtu mwingine, na mtu huyo naye hana kosa. Dirishani, nyuma ya mgongo wa Rahel, bwawa la wageni lilikuwa bluu na limetulia, na mtu asiyekuwa Gasto alikuwa analifagia majani.

Gasto alirudi Itigi Jumamosi iliyofuata, na madumu mawili tu, moja kila upande. Sixbert alikuwa amelisafisha bwawa na kuondoka. Evodia alimngoja langoni. Gasto akashuka, akavua kofia ya pikipiki, akasema shikamoo kama inavyotakiwa, akaenda kazini. Alimpimisha mbele yake, mara mbili, kama mwanafunzi mpya. Hakumtania kuhusu mlenda. Alipomaliza alitoa daftari jipya, akasema lile la zamani Mzee amelichukua ndani.

Mzee aliweka sharti moja. Namba isiandikwe kabla hajaisikia. Kila asubuhi sasa anakaa kwenye kiti cha kamba, taulo begani, na Evodia anapima mbele yake akiinua kichupa kwenye mwanga, kisha anaitaja kwa sauti. Majirani ng'ambo ya ukuta wameshazoea kusikia sauti ya mwanamke ikitaja namba.

Jumatatu ya kwanza maji yalikuwa zambarau. Alitikisa tena, akaitazama kadi, akatamani iwe nyingine. Haikuwa nyingine.

"Nane nukta mbili," alisema.

Mzee akalishusha taulo begani. Siku hiyo hangeingia. Evodia akapiga simu.

"Nane nukta mbili," alimwambia Gasto.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona mwenyewe. Mzee amekaa hapa."

Gasto akamtajia kiasi. Akamwambia atie nusu, angoje saa nzima, apime ndipo amalizie nusu ya pili. Evodia akayarudia maneno yote, moja moja, naye Gasto akasema, "Haya, mama," akakata.

Haya, mama. Evodia alisubiri kidogo na simu sikioni, labda kuna neno limebaki, lile la Daktari. Kisha akavaa glavu, akatazama majani ya mpapai upepo unaelekea wapi, akatia nusu ya kwanza. Akavuta kigoda chake hadi ukingoni mwa bwawa, akakaa, akaingoja ile saa.